Mwenye Kuchukua Damu Aitwe Nani? Uhakiki wa Majina ya Watu wa Maabara ya Kinga na Saratani

Makala haya yanakusudia kuhakiki majina tunayowapa watu wanaofanya kazi katika maabara zinazochunguza uhusiano wa saratani na kinga ya mwili. Hatukusudii kuzungumzia majina ya magonjwa wala ya vyombo, kwani kwa upande huo lugha yetu haikulala. Tunalo neno saratani, tulilolipokea kutoka Kiarabu na ambalo asili yake ni jina la kaa, yule mnyama wa majini mwenye magando. Tunalo pia kansa, ambalo wananchi wengi hulitumia bila taabu. Tunayo maabara, hadubini, chanjo, virusi, seli na sampuli. Lakini tukiuliza ni nani anayeichukua damu, ni nani anayeipima, ni nani anayezitunza seli zisife, jibu la Kiswahili huwa ni moja kati ya matatu: daktari, mtaalamu, au msaidizi. Hoja yetu ni kwamba majina hayo matatu hayatoshi, na kwamba gharama ya upungufu huo hulipwa na yule anayenyoosha mkono ili atolewe damu.

Mahali pa kujaribia majina

Istilahi haina budi kujaribiwa mahali fulani, mbele ya wasikilizaji fulani. Sisi tumechagua Wilaya ya Mbinga pamoja na Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, katika Mkoa wa Ruvuma. Upande wa juu ipo milima ya Umatengo, ambako wakulima hulima kwa ngoro na kupanda kahawa. Upande wa chini ipo Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na vijiji vya wavuvi wa usipa. Maji ya Ziwa Nyasa yako kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, hali milima iliyo nyuma yake hupita mita 1,500. Katika safari ya siku moja msikilizaji makini atasikia Kimatengo, Kimanda, Kinyasa na Kingoni. Hospitalini, iwe ya Litembo kule milimani au ya Liuli kule ziwani, lugha inayowakutanisha watu hawa na mhudumu aliyetoka mkoa mwingine ni Kiswahili.

Sababu ya pili ya kuchagua eneo hili ni umbali. Maabara kubwa za aina tunayoizungumzia ziko mbali na ziwa. Kipande cha uvimbe kikikatwa Liuli hakina budi kusafiri, pengine hadi Songea au Mbeya, pengine hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996. Mgonjwa hatawaona kamwe wale watakaokikata kipande hicho vipande vyembamba zaidi, wakakitia rangi na kukitazama. Atakachokutana nacho ni majina yao tu, yaliyotamkwa na muuguzi au yaliyoandikwa katika karatasi ya ridhaa. Panapokuwa na uso wa mtu, jina baya huvumilika, kwa kuwa uso husahihisha. Pasipo uso, jina ndilo huwa mtu mwenyewe.

Sababu ya tatu ni ya historia ya elimu yenyewe, nayo yataka maelezo.

Waliofanya kazi na waliotajwa

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya unaowapata watoto. Mwaka 1961, pamoja na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, alifunga safari ya gari ya kiasi cha maili 10,000, kutoka Uganda kupita Tanganyika na Nyasaland hadi Afrika ya Kusini, akiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo umeonekana. Walichokigundua ni kwamba uvimbe ulifuata joto na mvua. Karibu na ikweta ulikuwa nadra mahali palipopita mita 1,500 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Kwa kipimo cha kanuni hiyo, wilaya zetu mbili ni kama somo lililochorwa ubaoni: mwambao uko chini ya mstari, na sehemu za juu za Umatengo ziko juu yake. Baadaye wataalamu walieleza kwamba mstari ule ulikuwa, kwa sehemu kubwa, mstari wa malaria kali, ambayo huivuruga kinga ya mtoto na kuipa saratani nafasi.

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, ambaye alishuku kwamba chanzo ni virusi. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi vipande vya uvimbe vilitumwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na hakikuonekana kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika, majimaji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu angeweza kudhani yameoza. Kumbe zilikuwa seli hai za uvimbe, zilizoachana na kuelea. Seli hizo zikaoteshwa, zikakua. Mwanzoni mwa 1964 virusi vilionekana ndani yake kwa hadubini ya elektroni, na habari hiyo ikachapishwa Machi mwaka huohuo.

Sasa tutazame majina, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Makala yale ya 1964 yalikuwa na waandishi watatu: Epstein, Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad na hodari wa hadubini ya elektroni, na Yvonne Barr, aliyeajiriwa kama msaidizi wa utafiti na ambaye kazi yake ilikuwa kuotesha seli. Seli zile ziliitwa EB, kwa herufi za Epstein na Barr, na virusi vikapewa jina la seli. Basi hadi leo twasema virusi vya Epstein-Barr. Achong hayumo. Mtoto wa Uganda ambaye nyama ya taya lake ndiyo iliyosafiri hadi Manchester hayumo. Aliyeifunga chupa Kampala na aliyeifungua London, ikiwa ni mtu mwingine, hawamo.

Mfano wa pili ni wa Philadelphia, Marekani. Katika maabara ya Werner na Gertrude Henle alikuwamo msaidizi mmoja ambaye damu yake ilitumiwa sana kwa ulinganishi, kwa kuwa haikuwa na kingamwili dhidi ya virusi hivyo. Mwaka 1967 akaugua homa ya tezi. Alipopona, damu yake ikaonekana ina kingamwili. Kutokana na mwili wa mfanyakazi huyo dunia ilijua, mwaka 1968, kwamba virusi hivyohivyo ndivyo chanzo cha homa ya tezi. Katika simulizi nyingi zinazosomwa na wanafunzi yeye hutajwa kwa cheo chake tu: msaidizi. Msomaji wa Kiswahili akilikuta neno hilo atadhani ni mtu wa kuosha chupa.

Hatuisimulii historia hii ili kuwagawia watu sifa upya. Twaisimulia kwa sababu inaonyesha kwamba katika maabara kila tendo lina mtu wake, na kwamba jina likikosekana, tendo nalo hufifia machoni pa wasomaji.

Daktari, mtaalamu, msaidizi

Tuanze na daktari. Neno hili hubeba mizigo miwili. Daktari ni mganga wa hospitali, na daktari ni mwenye shahada ya uzamivu, hata kama shahada hiyo ni ya hisabati. Kifupi chake, Dkt., huandikwa mbele ya majina ya wote wawili. Katika mhadhara wa chuo kikuu hakuna anayedhurika. Lakini karatasi ya ridhaa inapomwambia mama wa Mbamba Bay kwamba "Dkt. Fulani atachukua damu ya mtoto wako", mama huelewa kwamba mtoto ataganguliwa. Akisubiri dawa na dawa isije, hatasema kwamba alikosea kuelewa neno; atasema amedanganywa, na atawaambia majirani. Kosa si lake. Tumempa neno la tiba kwa jambo la utafiti.

Neno la pili, mtaalamu, lina kasoro ya namna nyingine: halisemi kitu. Mtaalamu wa nini? Tukijibu "wa maabara", tumetaja chumba, hatukutaja kazi. Ni sawa na kumwita mvuvi "mtaalamu wa ziwa". Watu wa mwambao wasingekubali, maana wao humtofautisha mwenye mtumbwi na mwenye nyavu, na mwanamke anayeanika usipa na yule anayeupeleka sokoni. Kadhalika katika ngoro, desturi ya Umatengo iliwagawia watu kazi: wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatana, wanawake huyafukia kwa udongo. Jamii yoyote inayofanya kazi kwa ushirikiano hujua nani anafanya nini. Haielekei kwamba maabara, ambayo ni ushirikiano wa watu wengi, istahili maneno machache kuliko shamba.

La tatu ni msaidizi. Hili humtaja mtu kwa daraja lake. Katika muundo wa utumishi lina mahali pake, kwa ajili ya mishahara na vyeo. Lakini mwenye kutoa damu hana haja ya kujua nani ni mdogo wa nani. Ana haja ya kujua nani atamdunga sindano na nani atatunza kilichotoka.

Lipo na jina la nne, linalosikika zaidi kwa kinywa kuliko katika maandishi: mtoa damu. Kasoro yake ni kubwa kuliko zote, kwa kuwa huelekea pande mbili zinazopingana. Mtoa damu ni yule aliyejitolea damu yake kwa ajili ya mgonjwa, na mtoa damu ni yule aliyeitoa kwa sindano kutoka mwilini mwa mwingine. Mpaji na mchukuaji wanaitwa jina moja. Kwa mpaji tayari lipo neno mchangia damu, nalo lafaa lishikiliwe.

Kinga na jamaa zake

Ukitaka kumpa jina mtu anayechunguza kinga, hapana budi kwanza neno kinga lenyewe liwe limekaa sawa. Kwa bahati njema neno hili lina mizizi. Watu hukinga mvua, hukinga maji ya paa, hukinga mkono. Halafu likaja jina UKIMWI, Ukosefu wa Kinga Mwilini, ambalo liliingia kila nyumba baada ya wagonjwa wa kwanza nchini kutambuliwa Kagera mwaka 1983. Kifupi hicho kilifanya kazi ambayo vitabu vya elimu ya viumbe havikuwahi kuifanya: kiliwafundisha wananchi kwamba mwilini mna kitu kiitwacho kinga, nacho chaweza kupungua. Wengi pia waliona kwa macho yao kwamba kinga ikipungua, madoa na vivimbe vya saratani ya Kaposi hujitokeza. Hivyo uhusiano wa kinga na saratani haukuhitaji maabara ili ujulikane vijijini.

Tatizo ni kwamba neno kingamwili, ambalo wataalamu wengi hulitumia kwa protini zile maalumu ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya adui fulani, hutumiwa pia na waandishi wengine kwa maana ya kinga kwa ujumla. Mtu akiambiwa "damu yako haina kingamwili", anaweza kudhani ameambiwa ana UKIMWI. Tumeona sentensi ya namna hiyo katika karatasi ya maelezo iliyokusudiwa kusomwa kijijini, nayo ilikuwa ikizungumzia virusi vingine kabisa. Twapendekeza kwa nguvu kwamba kinga ibaki kuwa uwezo wote wa mwili kujilinda, na kingamwili iwe ni zile protini tu, na katika karatasi za wananchi sentensi isiishie hapo bali iseme ni kingamwili dhidi ya nini.

Mbinga ina msaada mwingine wa kutupa. Wakulima wa kahawa wa huko wanaijua chulebuni na kutu ya majani, na wanaijua kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, ambayo ina kituo Ugano, wilayani humo. Wamezoea kusikia kwamba miche chotara ina ukinzani dhidi ya magonjwa hayo. Mche huzaliwa na ukinzani wake, haujifunzi. Kinga ya mtu kwa sehemu kubwa hujifunza, kwa kuugua au kwa kuchanjwa. Dawa nayo ikizoewa na vimelea twasema vimelea vimekuwa na usugu. Maneno matatu, mambo matatu: ukinzani, kinga, usugu. Mwandishi anayeyachanganya humpotosha mkulima ambaye tayari anayatofautisha.

Sasa, anayechunguza kinga aitweje? Unyambuaji wa moja kwa moja ungetupa mkinga. Jina hilo lingeanguka siku ya kwanza. Katika Ruvuma na Njombe, Mkinga ni mtu wa kabila la Wakinga wa Makete, na wengi humjua kama mfanyabiashara hodari. Ukiwaambia watu wa Mbamba Bay kwamba Mkinga ataipima damu yao, watauliza kwa nini mwenye duka amebadili kazi. Mkingaji nalo halifai, kwa kuwa humtaja anayezuia, na mtafiti huyu hazuii bali anachunguza. Mwimunolojia huandikika lakini hutamkwa kwa shida, na kwa msikilizaji wetu halina mlango wa kuingilia. Sisi twalielekea mwanakinga, kwa mfano wa mwanasayansi na mwanasheria. Ni fupi, halina mwenyewe mwingine, na limebeba neno ambalo UKIMWI ulilifundisha.

Jina lisilojulikana hujazwa na hofu

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo madogo. Historia ya maneno katika nchi zetu yasema vinginevyo.

Neno mumiani, lenye asili ya Kiajemi, lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami iliyouzwa na wafanyabiashara wa pwani. Kwa kuwa watu hawakujua imetengenezwa kwa nini, wakasema imetengenezwa kwa damu ya watu, na mwisho mumiani akawa mtu anayenyonya damu usiku. Katika miji ya Kenya na Uganda wakati wa ukoloni, jina wazimamoto, ambalo lilikuwa istilahi safi kabisa ya watu wenye gari jekundu na mipira ya maji, lilipata maana hiyohiyo. Watu waliwaona wamevaa sare, wanakwenda mbio, na hawakuona kazi yao. Uvumi ukaijaza nafasi iliyokuwa wazi. Mwaka 1947 haukuwa mwisho wa mambo hayo, wala uhuru haukuwa mwisho. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kadhaa kuuawa na makundi ya raia wenye hasira, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya wilaya. Malawi ni ng'ambo ya pili ya ziwa letu. Kinyanja cha huko na Kinyasa cha Mbamba Bay ni ndugu, na maneno huvuka maji pamoja na watu.

Hatusemi kwamba istilahi nzuri ingezuia mauaji. Twasema kwamba mtu anayefika kijijini akiwa na sindano, chupa na sanduku la barafu, na ambaye jina lake ni mtaalamu tu, amepelekwa bila ulinzi ambao lugha ingeweza kumpa. Naye mwanakijiji ameachwa bila swali ambalo lugha ingeweza kumwezesha kuuliza.

Na kinachoweza kupotea ni kikubwa. Mwaka 2017 ulianza utafiti mjini Mwanza uliowahusu wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Ulilinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya virusi vya papiloma, yaani HPV, ambavyo husababisha saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana hao walitoa damu tena na tena ili kingamwili zipimwe. Baada ya miezi 24 ilionekana kwamba karibu wote waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili dhidi ya aina za virusi zilizo hatari zaidi. Matokeo hayo yalikuwa sehemu ya ushahidi uliosaidia kubadili utaratibu. Tanzania ilianza chanjo hiyo nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili, ikawachanja kwanza wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikaingia katika utaratibu wa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Msichana wa Lituhi anayechanjwa mara moja, bila kurudi tena kliniki kwa safari ya kupanda na kushuka milima, anafaidika na damu ya msichana wa Mwanza. Wasichana wale na wazazi wao wangekataa, kwa kutoelewa ni nani anachukua nini na kwa ajili gani, faida hiyo isingekuwapo.

Mapendekezo

Lipo jina moja katika eneo hili ambalo limefaulu, nalo ni mchanjaji. Limetoka katika kuchanja, kitendo ambacho watu walikijua kwa chale zamani kabla ya sindano. Husema kazi. Halidai udaktari. Mama anaposikia kwamba wachanjaji wamekuja shuleni, anajua watakachofanya na anajua wasichoweza kufanya. Basi tulifuate jina hilo kama kielelezo, tuwape watu wa maabara majina yanayotokana na vitendo.

Yule anayemdunga mtu na kutia damu katika chupa aitwe mchukua sampuli. Neno sampuli halitamtisha mkulima wa Mbinga. Sampuli ya kahawa yake huchukuliwa ikaonjwe, naye anajua kwamba ni kidogo kwa niaba ya vyote, na kwamba ana haki ya kuambiwa matokeo.

Yule anayeipima damu hiyo kwa mashine au kwa dawa aitwe mpimaji. Yule anayezikuza seli nje ya mwili, kazi aliyoifanya Yvonne Barr, aitwe mwotesha seli, na mahali pake pa kazi paitwe kitalu cha seli. Maneno kuotesha na kitalu yamo katika vinywa vya wakulima wote wa kahawa, na tayari hospitalini husemwa kuotesha vimelea. Yule anayetazama vipande vilivyotiwa rangi na kutoa hukumu, mbele ya wanataaluma ni mwanapatholojia, lakini mbele ya mgonjwa aweza kuitwa msoma slaidi, kwa kuwa watu husema kusoma majibu.

Yule anayehifadhi damu na vipande katika majokofu kwa miaka aitwe mtunza sampuli. Tumelichagua jina hili kwa makusudi. Mtunza si mwenye mali. Hutunza cha mwingine, na aweza kuulizwa. Neno mwenye sampuli, tulilolikuta katika baadhi ya tafsiri, huhamisha milki kwa njia ya sarufi, bila ya mtu yeyote kuridhia.

Mwisho, yule aliyeuliza swali la utafiti na ambaye atalijibia aitwe mtafiti, na kiongozi wao mtafiti mkuu, kama ilivyozoeleka. Katika karatasi yoyote inayosomwa kwa wananchi, kifupi Dkt. kisitangulie jina la mtu ambaye hatatibu. Kama mtu huyo ni mganga na ni mtafiti kwa pamoja, basi isemwe wazi kwamba kwa siku hiyo amekuja kama mtafiti.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wanataaluma wenyewe. Watasema kwamba wao wana majina rasmi, kama mteknolojia wa maabara, na kwamba kumwita mtu aliyesoma miaka mingi mpimaji ni kumshusha. Pingamizi hili lina uzito. Jawabu letu ni kwamba jina la taaluma na jina la kazi vyaweza kukaa pamoja. Mtu ni mteknolojia wa maabara kwa cheti chake, na ni mwotesha seli kwa kazi yake ya leo. Nahodha haoni aibu kuitwa mshika usukani wakati ameushika. Wala hatuoni kwamba jina lenye kueleweka lina heshima ndogo kuliko jina lisiloeleweka.

Pingamizi la pili litasema kwamba sayansi ni ya dunia nzima, na kwamba ni afadhali kutohoa ili wanafunzi wetu wasipate taabu wakikutana na vitabu vya kigeni. Kwa majina ya vitu kama antijeni tunakubali. Hakuna kijiji ambacho kimewahi kuwa na jina lake. Lakini majina ya watu wanaotenda kazi hayako hivyo. Kuchukua, kupima, kuotesha, kusoma na kutunza ni vitendo ambavyo Kiswahili kilivijua kabla ya maabara kujengwa. Kutohoa mahali pasipo na pengo ni kukopa ukiwa na akiba.

La tatu ni kwamba majina haya hayakujaribiwa, na hilo ni kweli. Kwa hiyo twapendekeza njia ya kuyajaribu. Kabla orodha haijafikishwa kwenye kamati ya kusanifisha, isomwe kwa sauti Litembo, Liuli na Mbamba Bay, mbele ya watu ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, na kila msikilizaji aulizwe maswali matatu: mtu huyu atakufanyia nini, je, atakutibu, na ukitaka kujua damu yako iko wapi utamwuliza nani. Jina ambalo halimwezeshi msikilizaji kujibu lirudishwe mezani, hata kama sisi maofisa tumelipenda.

Tunawaomba wauguzi, walimu na wataalamu wa maabara walioko Mbinga na Nyasa watuletee majina ambayo watu wa huko wameshayazua wenyewe kwa wachukua sampuli na wapimaji, pamoja na maana wanayoyapa, ziwe nzuri au mbaya. Majina ya hofu nayo yaletwe, maana hayo ndiyo yanayotuonyesha ni wapi tulipoacha nafasi wazi.